Mlango wa Nyuma wa Zeti

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mwaka wa 2004, nilifungua daftari langu mbele ya watu sita katika gereji moja mjini Bungoma. Nilikuwa nimetoka Kitale kununua Zeti, gari la zamani la michezo la milango miwili, ambalo nilikuwa nimelisomea miaka tisa bila kuligusa. Nililolitamani hasa ni la 1971. Mwenye gari, Mzee Wekesa, alisema lake ndilo hilo, laki tatu.

“Hapana, mzee. La sabini na moja lina matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma, huu wa buti. Hili halina. Ni la sabini na tatu.”

“Si logbuku ya usajili ndiyo hii, imeandikwa sabini na moja?”

“Logbuku huandikwa na watu.”

Gereji nzima ikacheka.

“Bana, mimi sitabishana na daftari,” akasema Mzee Wekesa. “Lete laki mbili na arobaini.”

Tukapeana mikono. Nikalipa, nikajiona profesa.

Kisha fundi akainua boneti apime mafuta, akasoma kwa sauti kibati cha kiwandani kando ya injini: 1971.

“Na mlango wa nyuma?” nikauliza polepole.

“Huo ni wa gari ingine,” akajibu Mzee Wekesa. “ Wake niliuvunja Malakisi, nikirudi nyuma nikagonga banda la tumbaku. Ungeuliza, ningekuambia.”

Nikatoa pesa niongeze. Akazisukuma mfukoni mwangu. “Tulishapeana mikono, profesa.”

Niliendesha hadi Kitale masikio yakiwaka kwa aibu, ndani ya gari lile lile la ndoto yangu, nikiwa nimeokoa shilingi elfu sitini.