Nyama ya Harusi Haikungoja Majibu

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana hasira yake haijaniisha hadi leo. Nilikuwa mgeni kazini, kwenye maabara ya mifugo hapa Bariadi, nikasikia baiskeli inaangushwa mlangoni. Alikuwa baba yangu mdogo, Shigela, katoka Lalago na kipande cha nyama kwenye mfuko.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama. " Ipime hii upesi, Jumamosi namwoza kijana wangu."

Dume lake la ng'ombe la harusi lilikuwa limeharisha hadi likashindwa kusimama. Badala ya kumwita bwana mifugo, akalichinja, nyama akaihifadhi kwenye friza ya rafiki yake hapa mjini. Eti sasa nimwambie kama inafaa, angoje palepale!

Nilimweleza kwa Kiswahili, nikamweleza kwa Kisukuma. Nikasema kuna bakteria anaitwa salmonela, huwezi kumnusa, na baridi ya friza haimuui. Tunalaza nyama kwenye mchuzi maalumu, ndani ya kabati la joto, ili azaliane. Kisha tunampandikiza kwenye sahani zenye chakula chake. Akiota, tunampima tena tuhakikishe ni yeye.

"Si una hadubini hapo? Chungulia!"

"Baba, kwenye hadubini wabaya na wasio na neno wote ni vijiti tu."

Akasonya. Akawa analala kwa yule rafiki yake, kila asubuhi akarudi, na kila asubuhi nikaanza upya kama sijawahi kusema. Shangazi naye akaja kunililia. Nikachoka. Nikamfuata mkuu wangu, mzee Malimi, nikamuuliza kama tunaweza kuwaambia chochote, watuache tupumue.

Hakuinua hata macho. "Ukisema ni salama kwa sababu umechoka," akanijibu, "basi aliyepima ni uchovu wako."

Nikarudi kazini.

Sahani zikaota vidoa vyenye kiini cheusi. Tukavipima tena, na kweli ni salmonela, nikamwambia Shigela kwa mdomo wangu. Bwana mifugo akaenda kusimamia nyama izikwe. Harusini watu wakala kuku wachache na choroko, na ndugu zangu wakanipita bila salamu.

Kumbe Shigela alificha paja moja! Usiku wa harusi akalichoma na wenzake, nje limeungua, ndani damu. Wote wakaishia hospitali na dripu mkononi. Baba yangu mzazi alikuwa mmoja wao, na nusura tumzike.

Nilipofika wodini, Shigela akanitazama kwa uchungu. "Sasa mayu, mbona hukutuambia?"

 Nilimfunika shuka, nikatoka nje, nikalia.

Basi nisikilize, maana sina nguvu za kurudia. Mnyama akiumwa, mwite bwana mifugo kabla ya kushika kisu. Ukipeleka nyama maabara, kubali kungoja, na majibu yakikuudhi yatii vilevile. Wala usinidanganye kwamba utaichemsha sana, wakati kisu kilekile kilichokata nyama mbichi unakatia nyanya za kachumbari. Na kama wewe ndiye mpimaji, usimpe ndugu yako jibu ambalo sahani haijatoa, hata akikununia mwaka mzima.

Mungu akujalie zizi lenye afya na masikio yanayosikia. Wanaokula kwako waamke wazima, wakukute mzima.