Karatasi za Bi Milimita

Wateja walimwita Bi Milimita, na jina lenyewe alilipenda. Kwa miaka thelathini na nne alishona makoti na suti za kike katika chumba cha mbele cha fleti yake, ghorofa ya tatu, na muda wote huo nguo yake ikikupwaya ujue umekonda, usimtafute mchawi. Sasa mwaka huu mvua zilianza zikagoma kuisha, na nguo zikaanza kurudi. Akarudi mwalimu mkuu, kiuno kinapwaya. Akarudi wakili, mabega yameanguka. Halafu, aibu iliyoje, likarudi koti la binti yake mwenyewe, kifunguamimba wake, mgongo unapwaya, tena limekatwa kwa pateni ileile ya tangu miaka mitatu iliyopita.

"Mama, macho yamechoka," binti alimwambia Jumapili ile, koti likiwa mkononi. "Si kosa lako. Njoo ukae kwangu, chumba kipo. Cherehani nimeshaipatia mnunuzi, anakuja Jumamosi kuiangalia."

"Nani kakutuma?"

"Mama, jamani!"

"Macho haya yanaona mpaka hiyo chunusi uliyoifukia kwa poda."

Binti alicheka, lakini hakubadili neno. Alipoondoka, Bi Milimita alikaa akashika tama. Kuacha kazi hakukumtisha. Angeacha siku atakayotaka mwenyewe. Ila kutolewa kazini kwa kuitwa kipofu, hilo lilimchoma, akalia mpaka kamasi zikamtoka.

Alipomaliza kulia akaziendea pateni zake, zile karatasi za kaki za kukatia nguo. Zilining'inia ukutani zaidi ya mia mbili, na kila moja ina vipimo alivyoviandika kwa mkono wake. Akaishusha ya mgongo wa binti. Imeandikwa: sentimita arobaini na mbili. Akailaza rula ya chuma juu yake. Arobaini na mbili na milimita nne. Akafuta miwani, akapima upya. Nne zilezile. Akaipapasa karatasi, imelegea kama biskuti iliyosahauliwa nje ya kopo, na pale ilipotundikwa ukuta umeota ukungu. Akawasha pasi, akaipiga karatasi pasi kavu, akapima tena. Arobaini na mbili kamili!

"Kumbe ni wewe!" aliifokea karatasi. "Unakunywa maji mwaka mzima halafu nasingiziwa mimi!"

Karatasi zilikuwa zikivimba kwa unyevu. Milimita nne huku, tatu kule, ukiuzunguka mwili mzima koti limeshakuwa la mtu mwingine. Na kuzipiga pasi zote? Thubutu! Kabla hajamaliza kuchora ya kwanza, ya pili ingekuwa imeshalegea. Dawa ilikuwa kukikausha chumba chenyewe, na piga ua, kingekauka kabla ya Jumamosi.

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani. Muuzaji, kijana wa tai nyekundu na maneno mengi, akamsogezea mashine nyeupe ndogo, yenye taa inayobadilika rangi.

"Mama yangu, ya kuvuta unyevu ndiyo hii. Ya kisasa kabisa."

"Sijauliza umri wake. Inavuta lita ngapi kwa siku?"

Muuzaji akaligeuza boksi mara mbili tatu. "Nusu lita."

"Chumba changu kinatoa jasho zaidi ya hiyo. Na ile?" Alinyoosha kidole kwenye mashine ya kijivu pembeni, kubwa, yenye magurudumu.

"Aa, ile ina kelele, mama. Lita ishirini. Wengi wanaweka stoo."

Bi Milimita akafungua mkoba, akatoa kipande cha karatasi ya kaki cha nusu mita na rula yake. "Nipe chumba chenye mlango. Tutaziwasha moja moja."

"Mama, hapa ni duka, si maabara."

"Na mimi nimekuja kununua, sikuja kutalii."

Wakaingia stoo. Akaketi juu ya katoni, mkoba mapajani. Saa nzima ile ndogo ikabadilisha rangi zake, karatasi haikutikisika. Ikawashwa ya kijivu, ikanguruma. Baada ya saa nyingine karatasi ilikuwa imepungua milimita mbili. Muuzaji akainama kuisoma rula mwenyewe, akamvulia kofia ambayo hakuivaa.

"Kelele hazinitishi," alisema Bi Milimita. "Nimezeeka na cherehani. Nifungie hiyo."

Ikapandishwa ghorofa ya tatu. Siku mbili ilinguruma, naye akamwaga ndoo baada ya ndoo. Alhamisi akapima. Milimita nne zilezile. Akapima tena, akaitukana rula, akafikiria Jumamosi.

Jirani wa mlango wa pili akachungulia, amekuja kuazima sindano. "Shoga, madirisha yote wazi? Unataka kuikausha na mvua ya huko nje?"

Bi Milimita akatazama mapazia yanavyopepea. Lo! Mama yake, aliyemfundisha kazi, alimkaririsha tangu utotoni kwamba chumba cha kushonea lazima kipumue, basi asubuhi zote za maisha yake mkono ulikwenda dirishani wenyewe. Akayafunga yote, akaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa vitambaa. Ijumaa asubuhi rula ikasema arobaini na mbili. Akakata kitambaa hapohapo, akashona mpaka jua likatua.

Jumamosi binti alimtangulia mnunuzi. Kabla hajaweka mkoba chini, koti jipya likawa mgongoni mwake. Mama akamzunguka mara moja, akamvuta mbele ya kioo. Mabega yamekaa. Mgongo umelala. Binti akajigeuza huku na huku, kisha akafunga vifungo na kuvuta pumzi.

"Mama, hapa kiunoni linabana."

Bi Milimita akamzungushia tepu, akaisogeza karibu na miwani, akasoma kwa sauti. Kisha akamwonyesha pateni, tarehe na kipimo cha miaka mitatu iliyopita.

"Karatasi zangu sasa hazivimbi, mwanangu. Aliyevimba ni wewe."

Binti alicheka mpaka akalazimika kukifungua kile kifungo. Alipotulia akautazama ukuta, pateni zimekakamaa kwenye misumari yake, akatoa simu.

"Samahani, kaka," alimwambia mnunuzi. "Usihangaike kuja. Mwenyewe bado anaitumia."

Bi Milimita alikuwa ameshaketi, anafumua mshono wa kiuno.