Kigogo cha Baba

Vidole viwili vya baba vilizikwa nyuma ya nyumba yetu, mtaani Buterere, chini ya mgomba.

Leo nimepita gereji moja nikakutana na harufu ya mafuta ya jeki, na siku ile ikanirudia. Baba, fundi wa magari, alitengeneza mashine ya kushindilia takataka, ili mafuriko yasizitawanye uani. Jeki ya lori iliinua bamba zito la chuma, kisha bamba lilishuka juu ya uchafu. Jeki ilipoanza kuvuja, baba akawa kila mara anategesha kigogo chini ya bamba, lisije likashuka ghafla, kabla ya kuingiza mkono.

Siku hiyo kigogo hakikuonekana.

“Mama watoto, kimuti changu kiko wapi?”

“Mi sijakiona.”

Jirani alicheka kutoka ng'ambo ya ua: “Hiyo mashini itakukula we mwenyewe!”

“Apana, inanijua,” baba akajibu, akaingiza mkono.

Kuni zetu zote zilikuwa zimelowa kwa mvua, lakini maharage yalikuwa yakitokota jikoni. Mama na dada yangu walikuwa wamepokezana kuchochea moto tangu asubuhi. Baba hakuwahi kuuliza ni nani kati yao aliyekichoma kigogo. Nami sijauliza.