Ufagio mkononi, Kiingereza mdomoni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Shangazi anavuta pazia la chumba cha Mwalimu, anageukia kitanda na kusema kwa Kiingereza kilichonyooka: "Wake up." Kisha anangoja. Mwalimu anafumbua jicho moja, anamkagua, anafumbua la pili.

Shangazi anamwinua, anamketisha kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, na kazi inaanza. Anakunja shuka, anaitaja. Anakung'uta mto, anautaja. Anainama na ufagio mpaka kichwa kinapotelea chini ya kitanda, na sauti inatokea huko huko: "I sweep under the bed."

Ngo, ngo. Mwalimu amegonga mkono wa kiti mara mbili kwa pete yake. Hiyo ndiyo alama ya vema, na katika nyumba hii haitolewi kwa huruma.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Shangazi anamwambia mwandishi wa makala haya kwa Kiswahili akiinuka, mkono kiunoni. "Na mimi nimeinama kweli kweli, mwanangu. Muulize mgongo wangu."

Shangazi ana miaka hamsini na minane. Si shangazi wa mtu yeyote humu ndani. Alikuja kufanya kazi za nyumbani miaka arobaini na mmoja iliyopita, watoto wawili wa Mwalimu wakamwita hivyo walipoanza kusema, na jina likamganda. Shule aliiacha darasa la tatu, mama yake alipofariki na wadogo zake wanne wakabaki mikononi mwake.

"Kiingereza changu chote kilikuwa 'sit down'," anasema akicheka. "Na hilo nililisikia tu, sikuwahi kulisema. Ningemwambia nani akae?"

Mwalimu, mama wa miaka sabini na sita, alifundisha Kiingereza sekondari kwa miaka thelathini na minne. Nyumbani alizungumza Kiswahili kama mtu mwingine yeyote, na mafumbo yake yalikuwa makali. Mwaka juzi, Jumanne moja asubuhi, kiharusi kilimwangusha jikoni, sufuria ya chai ikiwa bado mekoni. Shangazi ndiye aliyezima jiko na kumkumbatia sakafuni mpaka gari lilipopatikana.

Siku ya nne hospitalini Mwalimu alifumbua macho na kusema. Watu walipiga vigelegele, kisha wakanyamaza. Alikuwa akisema Kiingereza kitupu. Alipoulizwa kwa Kiswahili, alimtazama muulizaji kama anayesikia mvua juu ya bati.

Daktari aliieleza familia kwamba mtu wa lugha mbili akipatwa na kiharusi, mara chache lugha moja hubaki na nyingine ikaondoka. Huenda ingerudi, huenda isirudi. Majirani hawakungoja maelezo hayo. Walisema kisomo kimempanda mama wa watu kichwani, sasa hataki tena lugha ya sokoni.

Nyumbani maji yakazidi unga. Mwalimu akiomba kitu, Shangazi analeta kingine. Anaomba miwani, analetewa kandambili. Anataka dirisha lifungwe, linafunguliwa zaidi. Wiki ya pili alirusha kikombe ukutani, kisha akafunika uso kwa mkono wake mmoja ulio hai na kulia.

"Nimeishi na huyu mama miaka yote hii," Shangazi anasema. "Nilikuwa najua anataka chumvi kabla hajaonja. Halafu siku moja ananitazama mimi, mimi!, kama mgeni aliyekosea mlango. Niliingia bafuni nikafungulia bomba ili nisisikike."

Watoto walikutana. Kifungua mimba, mhasibu anayeishi mji wa mbali, alikuwa amekwisha pata nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee ambako wauguzi wanajua Kiingereza. Dada yake, kitinda mimba, ambaye naye haishi tena hapo, alikubali huku akilia. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Mama yao alikuwa anaomba maji na hapewi.

Shangazi alisikiliza akiwa amesimama mlangoni na sinia. Akaliweka chini.

"Nipeni miezi mitatu," alisema. "Nikishindwa, nitamfungia sanduku kwa mikono yangu hii."

Kifungua mimba anakiri kwamba alitabasamu. "Shangazi yangu asiyeweza kusoma risiti ya dukani anataka kujifunza Kiingereza uzeeni? Nilisema sawa kwa sababu sikuweza kumkatalia. Amenibeba mgongoni yule."

Hapakuwa na mwalimu wa kumfundisha isipokuwa mgonjwa mwenyewe. Shangazi alijifunga kibwebwe. Aliingia chumbani na ufagio, akauinua mbele ya uso wa Mwalimu na kunyamaza. Mwalimu akautazama ufagio, akamtazama yeye. "Broom," akasema. Shangazi akajaribu. Mwalimu akatikisa kichwa. Akajaribu tena, na tena. Mara ya kumi na moja, pete iligonga kiti.

Shangazi anasema aliona kitu usoni mwa mama yule siku hiyo ambacho hakikuwepo tangu hospitalini. Anashindwa kukitaja. Ananyoosha tu mgongo, anainua kidevu, anakaza macho, na ghafla anayeonekana mbele yako ni mwalimu wa darasa. Mgonjwa alikuwa amepata kazi.

Wakaendelea hivyo, kitu baada ya kitu, kazi baada ya kazi. Ndoo, deki, kubana nguo kwenye kamba, kumenya, kusuuza, kupiga pasi. Shangazi hakuandika hata neno. Kila neno alilifunga kwenye kazi yake, na kila kazi ilikaa mahali pake tangu asubuhi hadi taa inapozimwa. Kwa miezi mitatu hakupumzika hata siku moja, na dada wa kazi wa nyumba ya jirani aliyekuja kuazima pasi alimkuta akiongea na sufuria.

"Nikamuuliza, Shangazi, unaumwa?" anasimulia dada huyo. "Akaniambia, pisha, usije ukanivuruga, niko kwenye kusuuza."

Siku ya mtihani kifungua mimba alikuja na karatasi. Alimketisha Shangazi kwenye meza ya chakula, akaketi mbele yake, kalamu mkononi. Dada yake alisimama nyuma ya kiti cha mama. Sanduku lilikuwa tayari sebuleni.

"Kupiga deki?" aliuliza.

Shangazi alifungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Kuanika?"

Kifungua mimba akasogeza kalamu hadi mstari unaofuata.

"Taulo? Kijiko? Shangazi, basi sema kijiko tu."

Alikuwa anajua. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa mikononi, na mikono ilikuwa imelala mitupu juu ya meza. Tena alikuwa anaulizwa kuanika kabla ya kufua, jambo ambalo hakuna mwenye akili anayelifanya. Kifungua mimba aliweka kalamu chini polepole, na dada yake akalitazama sanduku.

"Nilijua imekwisha," Shangazi anasema. "Halafu nikajiambia, we mwanamke, tangu lini umefanya kazi umekaa?"

Akainuka. "Baba," alimwambia kijana aliyemlea, "mimi sijui hivyo. Njoo unifuate."

Akaenda chumbani, akalivuta pazia lililokwisha vutwa, na kuanza upya siku nzima.

Alitandika kitanda kilichotandikwa, akikitaja. Alifagia palipofagiwa. Alipita bafuni, ukumbini, jikoni, akimsukuma Mwalimu mbele yake kwenye kiti cha magurudumu, na watoto wawili wakifuata nyuma. Alimenya viazi viwili, akavitaja vikiwa na maganda na vikiwa uchi. Kila hatua pete iligonga. Kitinda mimba anasema alianza kuhesabu milio hiyo akapotea baada ya themanini.

Uani, mbele ya kamba, Shangazi alikwama. Shati lilikuwa kwenye kamba, kibanio kilikuwa kati ya vidole vyake, na jina la kibanio limemtoka. Kifungua mimba, ambaye kufikia hapo alikuwa amesahau kwamba yeye ni msahihishaji, aliinama kumnong'oneza.

"Let her think!"

Ilikuwa sauti ya Mwalimu, kavu na imara, sauti iliyonyamazisha madarasa kwa miaka thelathini na minne. Mwanawe aliruka nyuma kama mtoto aliyeshikwa akiibia jibu. Na Shangazi, katika ukimya ule, alikibana kibanio kwenye shati, mkono ukafanya ulichozoea kufanya, na neno likaja.

Kifungua mimba alikwenda kusimama nyuma ya shuka zilizoanikwa. Alikaa huko muda mrefu.

"Nilikuja kumchukua mgonjwa," anasema leo. "Nikamkuta mama yangu. Shangazi ndiye aliyemleta. Mimi nina shahada mbili, na sijawahi kufanya kitu kama kile maishani."

Sanduku lilirudishwa juu ya kabati jioni hiyo hiyo. Nafasi katika nyumba ya wazee akapewa mtu mwingine.

Sasa ni mwaka na miezi mitatu tangu siku hiyo. Kwa hesabu ya kitinda mimba, Shangazi ana maneno mia tatu na arobaini. Mtu akimsikiliza asubuhi hadi mchana, kama mwandishi wa makala haya alivyofanya kwa siku mbili, anajikuta ananong'ona naye majina ya vitu ambavyo maishani hajawahi kuvitazama mara mbili. Hata kijiko kinakuwa na heshima yake.

Lakini Shangazi mwenyewe hajaridhika. Akiwa ukumbini anakunja taulo, anaeleza kwa nini.

"Wiki iliyopita, mchana, alinishika mkono akasema neno. Si la jikoni, si la bafuni. Akarudia mara tatu. Nikaleta maji. Nikaleta mtandio. Nikafunga dirisha, nikafungua. Analia tu. Nikampigia kijana simu, nikamwambia sikiliza hili neno." Anaweka taulo pajani. "Halafu akaniambia, Shangazi, mama anasema anaogopa."

Analichukua tena taulo, analikunja upya.

"Mimi najua maneno ya kazi. Sikujua kuna maneno mengine yananingoja. Nimwambie nini mtu anayeogopa, nimwambie ndoo? Nimwambie nafagia?"

Mpango wake, anasema, ni kujifunza maneno hayo kabla mwaka haujaisha: ya kuogopa, ya kukumbuka, ya kuumia mahali pasipoonekana. Anajua yatakuwa magumu kuliko yote. Hayana mpini.

Ndipo anapogeuza mazungumzo na kuuliza yeye. "We mwandishi, umesoma. Kwetu mtu akiogopa, unamwambia 'nipo'. Hilo wenzetu wanalisemaje?"

Anaambiwa. Analirudia chini chini, linateleza. Analirudia tena. Anaitazama mikono yake, huku na huku, kama anayetafuta kifaa alichokiacha mahali.

"Hili nitalishika wapi?" anauliza.

Kutoka chumbani Mwalimu anaita. Shangazi anaacha taulo kwenye kiti, anaingia, na kupitia mlango ulio wazi anaonekana akiinama, akiushika mkono wa mama yule kwa mikono yake miwili. Kisha analisema.