Sale Kwenye Mkeka

Hedwiga amechoka. Naanza na hilo nisije nikamsingizia mambo mengine. Watu wakimwona amenyamaza kwenye karakana yetu hapa Kimandolu, Arusha, brashi mkononi, hudhani anatafakari, kwa kuwa wasanii wanasifiwa kwa kutafakari. Mimi ninayeshinda naye kutwa najua. Hatafakari chochote. Magoti yanamuuma.

Kazi yetu ni mikeka ya yoga. Mimi, Namnyaki, nakata mpira, nabandika kitambaa juu yake na kushona pindo. Yeye anachora. Kila mkeka anauchora kwa mkono, amepiga magoti sakafuni, mgongo umepinda, ili mtu ambaye hatutamjua aje kuunyoosha mgongo wake hapo juu. Nilimwambia siku moja kwamba duniani kuna wa kuchakaza magoti na wa kuyanyoosha. Akacheka kidogo, akaniomba nimpe rangi ya kijani. Yeye hajawahi kufanya yoga. Mimi nilijaribu mara moja, nikapitiwa na usingizi, na mwalimu akanisifu kwamba nimepatia.

Kabla ya mikeka alichora mabango ya saluni na fulana za watalii, zile zenye twiga na Mlima Meru uliojaa theluji hadi kiunoni, maana mtalii asipoona theluji hanunui. Na miaka hiyohiyo alikuwa anamuuguza mama yake.

Hapa sina budi kueleza vizuri, kwa sababu ndipo lilipo jambo lenyewe. Mama huyo alipooza upande mmoja akiwa nyumbani Kibosho, Uchagani, kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Anayekaa hapo ni Aloisi, mdogo wake Hedwiga, mtoto pekee wa kiume. Aloisi akasema nyumba yake haina nafasi. Hedwiga akamchukua mama akamleta mjini, kwenye vyumba vyake viwili vya kupanga. Alimgeuza kitandani, alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, miaka yote ile, mpaka mama akamfia mikononi. Najua kwa sababu nilikuwa nikienda kumsaidia kumwinua. Aloisi sikumwona akija hata mara moja.

Marehemu akarudishwa Kibosho kuzikwa. Padri alipomaliza, Aloisi alisimama kaburini kutoa shukrani za familia. Akashukuru wote, kisha akasema kwamba mama angekuwa hai mpaka leo kama asingepelekwa kwenye chumba cha kupanga akakosa wa kumwangalia. Ulimi hauna mfupa. Nilikuwepo. Ukoo mzima uligeuka kumtazama Hedwiga, na yeye akasimama palepale, kanga kiunoni, hakujibu wala hakulia. Mimi nililia kwa hasira badala yake.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena Kibosho. Krismasi inafika, Wachaga wote wa Arusha wanafunga maduka na kupanda kwao, mji unabaki na sisi Wamaasai na mbwa, na Hedwiga yupo karakana anachora.

Basi mwaka huu, mwezi wa nane, akatujia mzee mmoja wa ukoo wao. Mkononi alishika jani la sale limefungwa fundo. Kwa asiyelijua, sale ni ule mmea wa majani marefu ambao Wachaga huupanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekukosea akikuletea sale lililofungwa fundo, anakuomba msamaha, na kulikataa ni mwiko mkubwa. Kwetu tuna nyasi. Mtu akishika nyasi mkononi kuomba amani, fimbo inashuka. Kwa hiyo nililiheshimu, nikaacha kukata mpira.

"Hedwiga, mwanangu, mdogo wako ameleta sale," mzee akasema.

"Shikamoo, baba. Amesema nini?"

"Marahaba. Binti yake anaolewa Desemba. Shangazi mtu hawezi kukaa na kinyongo harusi ikafana. Pokea, mama. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Nimeishi kiasi cha kutosha kujua kwamba methali hiyo huwapendeza zaidi wale ambao yaliyopita hayakuwapata.

"Nauliza, baba. Kuhusu mama amesema nini?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Sale ndiyo maneno yenyewe."

"Naomba uliweke hapo mezani."

Hakulipokea, hakulikataa. Mzee akaliweka juu ya makopo ya rangi yaliyokuwa mezani, akaondoka akitikisa kichwa.

Toka hapo hawakumwacha apumue. Shangazi zake wakapiga simu kutoka Moshi. Akina mama wa jumuiya wakaja na rozari, wakakaa kwenye mabaki yangu ya mpira, wakamhubiria. Samehe, dada, samehe, utakuwa mwepesi. Walipotoka, Hedwiga alikaa sakafuni akaegemea ukuta.

"Namnyaki, nimechoka," akasema. "Wote wanataka mimi niseme nimesamehe. Hakuna hata mmoja anayetaka yeye aseme alichofanya. Nikilipokea hivihivi, nitakuwa nimekubali kwamba ni kweli nilimuua mama. Nikilikataa, sina kwetu tena."

Nilimkandakanda mabega, basi.

Katikati ya mambo hayo akaja Blessing. Huyu ni mwalimu wa yoga katika hoteli moja kule Usa River, binti mwenye adabu, aliyelelewa Dar es Salaam. Wageni wake wa Ulaya humiminika Septemba na Oktoba, wakati ambapo kwao miti inapukutisha majani, na yeye alitaka mikeka mipya ya majira hayo.

"Shikamoo, mama. Naomba mnichoree majani yanayoanguka. Ni msimu wa kuachilia, unaona? Mtu akisimama juu ya mkeka, anaweka nia ya kitu anachotaka kukiachilia, halafu ndiyo anaanza mazoezi."

"Majani gani, mwanangu?"

"Yoyote tu, mama. Wewe ndiye msanii."

Hapo alikosea, ingawa hakujua. Huku chini ya Meru hatuna majira ya namna hiyo. Mti ukimwaga majani yote tunaulizana umeingiwa na mchwa au mtu kamwaga chumvi. Na Hedwiga hawezi kuchora kitu asichokitazama. Hata twiga wake aliwachora kwa kukodolea macho kalenda. Basi akainua kichwa atafute jani la kutazama, na jani lililokuwepo ni lile juu ya makopo ya rangi, kijani vilevile, maana sale halinyauki upesi.

Nilimwona anaanza, nikashtuka.

"Dada, hilo si lile?"

"Ni jani."

"Litakanyagwa."

"Wewe shona, Namnyaki."

Nikashona. Alichora mikeka yote namna hiyo, masale yakianguka, baadhi yamefungwa fundo, rangi ya kijani ikififia kuelekea ukingoni, na ilikuwa mizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Hilo liliniudhi zaidi.

Siku ya kuanza msimu Blessing akatuma gari la hoteli lituchukue, sisi na mikeka, ili awatambulishe wageni kwa waliotengeneza. Mazoezi yalikuwa bustanini, juu ya sakafu ya mbao, na Meru umejifunua wote nyuma yao. Walikuwepo Wazungu na wenyeji wachache wa mjini. Miongoni mwa wenyeji alikuwa Mama Fransiska, muuguzi mstaafu, Mchaga wa Uru, ambaye daktari alimwamuru anyooshe mgongo.

"Simameni juu ya mkeka," Blessing akasema kwa sauti ya kubembeleza, Kiingereza kisha Kiswahili. "Inueni mikono. Vuteni pumzi. Kila mmoja aweke nia yake."

Wote wakainua mikono. Mama Fransiska hakuinua. Aliinama akautazama mkeka, akatoka juu yake taratibu, akasimama kwenye mbao tupu.

"Mwalimu, mimi hapa sisimami."

"Ni mgongo, mama?"

"Mgongo ni mzima. Hili ni sale. Sale halikanyagwi." Akageuka. "Nani amechora?"

Hedwiga akanyoosha mkono, mtu mzima na mvi zake.

"Wewe ni wa wapi?"

"Kibosho."

"Kibosho! Na hujui?"

"Najua."

Blessing aliona haya, akatutazama huku na huku. "Mama Hedwiga, sasa wewe ulikuwa na nia gani?" Aliuliza bila ubaya, alitaka tu kujua.

"Nilitaka likanyagwe," Hedwiga akasema.

Kisha akasema yote. Hakupandisha sauti. Alisema kuhusu mama, kuhusu kijiko cha uji, kuhusu maneno ya kaburini, kuhusu jani lililoletwa mezani bila neno. Alisema kwa Kiswahili, na Wazungu masikini walibaki mikono juu, wakidhani ni sehemu ya mazoezi.

Mama Fransiska alimsikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atamhubiria kama wengine, nikajiandaa kumjibu.

"Aliyekukosea alikuja mwenyewe?"

"Alimtuma mzee. Akasema sale ndiyo maneno."

"Nani kamfundisha hivyo? Baba yangu alimkosea jirani. Alibeba sale mwenyewe, akasimama mlangoni kwa jirani, akataja alichofanya kwa kinywa chake, na sisi watoto tunamsikia. Sale lililokuja bubu ni jino la pembe, si dawa ya pengo." Akamshika Hedwiga mkono. "Usilikatae. Lakini usilipokee kwa mtu mwingine. Aje alishike mwenyewe. Na wakati unamngoja, mwanangu, usiwabebeshe watu wengine ugomvi wako chini ya nyayo zao. Hawakukukosea."

Hedwiga akainama kumwitikia. Tukaikunja mikeka tukairudisha mjini. Blessing hakugomba, alisema tu kwamba Dar hawakufundishwa mambo hayo, na kwamba angengoja mingine. Hedwiga akapiga magoti upya akachora majani ya mgomba, nami nikabandua vitambaa vile vya kwanza kimoja kimoja hadi kucha zikaniuma.

Jioni ya siku tuliyorudi alimpigia Aloisi. Mikono yake ilikuwa na rangi, kwa hiyo nilimshikia simu sikioni.

"Aloisi, sale lako lipo. Njoo ulishike mwenyewe, uniambie kosa ni lipi. Usipokuja, mtoto aolewe kwa amani, simwekei kinyongo. Lakini mimi sitakuwepo, na usinitafute tena."

Akaniashiria nikate. "Nimejifungia mlango," akasema. "Huyo hatakuja. Namjua."

Na kweli, Oktoba ikapita yote. Shangazi wakaacha kupiga simu, na ukimya wao ulimchosha kuliko mahubiri. Alichora, alikula kidogo, alirudi kwake. Siku nyingine alisahau hata kunisalimia, nami sikumdai.

Aloisi akaja Novemba, Jumamosi moja, mvua inanyesha. Alikuwa na koti lililolowa, amezeeka kuliko nilivyomkumbuka. Nilitaka kumfukuza. Nilimsogezea kigoda kwa mguu, akabaki amesimama. Akalichukua sale pale mezani, sasa likiwa kavu, fundo bado lipo.

"Dada, nimekuja. Nilisema maneno kwenye msiba."

"Maneno gani?"

"Yale."

"Aloisi, mimi nimechoka sana. Yataje, au uende."

Akanitazama mimi.

"Huyu alikuwepo," Hedwiga akasema. "Na alikuwa akimwinua mama. Sema mbele yake."

"Nilisema mama alikosa wa kumwangalia."

"Ni kweli?"

"Si kweli."

"Kwa nini ulisema?"

Akaligeuza sale mkononi.

"Kwa sababu watu walikuwa wanakaribia kuniuliza mimi nilikuwa wapi."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nafasi ilikuwepo, dada. Niliogopa kumwona vile." Akamgeukia Hedwiga. "Nitasema hivi hivi harusini, kabla ya chakula, mbele ya walewale."

Hedwiga akasimama, akajifuta mikono, akapokea sale kwa mikono miwili. Nilisubiri uso wake ufunguke, kama akina mama wa jumuiya walivyoahidi, awe mwepesi. Uso ukakunjamana. Akaanza kulia, kwanza chini chini, halafu kwa sauti, kilio kile cha siku jeneza linaposhushwa. "Mama! Mama yangu!" Miaka yote nikiwa naye sikuwahi kumsikia akimlilia. Pale kaburini hakupata nafasi. Alikuwa na kazi ya kusimama wima mbele ya macho ya watu, na tangu hapo hakuwahi kuishusha.

Aloisi hakujua afanye nini. Alifunga vifungo vya koti, akarudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Hedwiga akamuuliza katikati ya kilio.

"Nakupisha, dada. Ulie kwanza."

"Kaa chini, Aloisi. Ni mama yako pia."