Shangazi Alivyokwenda Kuona Dubu Weupe

Juzi kwa mitumba hapa Nakuru nilinusa koti moja zito la manyoya, lina ile harufu ya tembe nyeupe za kufukuza nondo, na pua ikanirudisha mbio mpaka Keringet, siku shangazi Tabitha aliporudi kutoka nchi ya barafu amevaa koti kama hilo. "Mathe, hiyo ni ya theluji," mwenye kibanda akaniambia. Nikamwambia theluji wakae nayo wenyewe.

Sasa mnisikilize. Shangazi alikuwa yaya kwa wazungu fulani wakulima wa ngano kule Njoro. Pundamilia walikuwa wanalala karibu na mlango wao, lakini watu hao hawashibi. Wakapanda ndege wakaenda kamji kamoja mwisho kabisa wa kaskazini, hakana hata barabara ya kukaingia, kuangalia dubu weupe na mianga inayocheza angani. Wakamchukua na shangazi. Mtu mzima na akili zake anamtafuta mnyama wa kumla! Kwetu mnyama akikaribia boma tunagonga sufuria aende zake. Siku hizi naona hata vijana wetu wanapanga safari hizo kwa simu, na ninawadharau vilevile, wana miguu mizuri ya kulima wanaipeleka kugandishwa. Lakini nimetoka njiani.

Desturi yetu, aliyetoka mbali anapewa mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu, halafu anaeleza alichoona, na wazee wanamhoji kama mchungaji aliyepoteza ng'ombe. Mchana huo nyumba ilijaa. Mimi nilikuwa msichana wa miaka tisa, nimekaa miguuni pake nikijiona mkubwa, maana asubuhi tukiosha vikombe alikuwa amenipa siri.

"Hao dubu sikuwaona, wala mianga. Waliniacha chumbani na mtoto wao. Nilikwaruza dirisha kwa kucha, nikakuta barafu, na nyuma yake barafu. Usiseme, mama."

Basi shangazi akaeleza, na alijua kueleza! Mianga ya kijani kama ngano changa, inatikisika kama shuka linakung'utwa. Wanawake wakaguna. Ndipo babu, baba yake, akauliza, "Huyo dubu, mavi yake ni kama ya mbwa ama ya nguruwe?"

Shangazi akarekebisha leso. "Theluji ilifunika, baba."

"Na alikuwa anatembea upepo ukitoka wapi?"

Shangazi akapiga funda la mursik. Baba mdogo, ndugu yake mwenye mdomo wa sindano, akadakia, "Dada, uliona dubu ama uliona kondoo ya mzungu?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikatamani kicheko hicho kiwe changu. Nikasimama. "Hakuona kitu! Alikuwa amefungiwa chumbani pamoja na mtoto!"

Hapo nyumba ilitaka kuanguka. Shangazi akainamia kibuyu kama anatafuta kitu ndani. Babu peke yake hakucheka.

"Siku ngapi?" akamuuliza.

"Sita."

"Hata mara moja hawakukuita utoke uangalie?"

"Walisema mtoto atashikwa na baridi."

Babu akatema mate kando, akainuka akatoka nje. Nilidhani mate yale ni ya kumtemea shangazi. Nikafurahi, Mungu anisamehe, na kwa miaka mingi nikimsikia anasimulia chochote nilibetua midomo. Yeye naye akaacha kusimulia. Alikuwa anakuja, anakunywa chai, anaulizia mvua, anaondoka.

Shule niliishia darasa la tatu, nikawa yaya mimi pia. Siku moja matajiri wangu walinibeba mpaka hoteli ya mbugani, wakaniacha chumbani na mtoto wao, wakaenda kuangalia vifaru mpaka jua likazama. Ndipo nilipojua babu alikuwa anawatemea kina nani, na kwamba katika nyumba ile iliyojaa kulikuwa na mtoto mmoja naye aliyestahili kutemewa.

Niliporudi kwangu, watoto wangu walikuwa wamekaa kwa mkeka wananingoja. "Mama, kifaru ako aje?"

Nikavua viatu, nikawaeleza kifaru mpaka nywele za masikio yake.