Nani Humgusa Mbwa Huyu?

Siku ile tuliyokwenda Jomvu na Bi Zena haijanitoka, mwanangu, na leo nimeona nikusimulie kabla hujafunga mkoba wako. Nimesikia kesho mwatoka tena, wewe na wenzako, kupita njia za mashambani huko ng'ambo mkiwatetea mbwa waliofungwa minyororo. Sikukatazi. Nikukataze nini, na mimi mwenyewe nilikuwa na wazimu huo huo kabla hujazaliwa? Lakini tangu asubuhi moyo wangu haujatulia. Kila nikikutazama naliona lile lango la bati, nauona na mdomo wangu ulivyokuwa tayari kumwaga maneno. Kaa kwanza. Chai bado ya moto.

Bi Zena wewe hukumdiriki. Alikuwa jirani yetu hapa hapa Kibokoni, akisomesha watoto wa kike Kurani asubuhi, na mimi nilipita mikononi mwake. Ikisha adhuhuri alivaa buibui lake, akachukua kikapu chenye chupa za maji, kamba na koleo, akaenda kuzunguka mashambani kuangalia mbwa wa watu. Mbwa! Hapa Mji wa Kale, ambapo mbwa akipita tu kichochoroni watu hukusanya nguo zao! Nyuma ya mgongo wake walimwita Bi Zena wa Majibwa. Alijua, na alicheka. "Bora hilo," akisema, "kuliko Bi Zena wa umbea."

Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa kwa maradhi ya viungo, akawa anahitaji mikono ya kijana. Basi katika wanafunzi wake wote akanichagua mimi, mwoga kuliko wote. Niliwaogopa mbwa wenyewe, niliwaogopa wenye mbwa, na zaidi niliogopa macho ya watu wa mtaa watakaoniona narudi na mate ya mbwa kwenye leso. Sheria yetu waijua: mate ya mbwa yakikupata, mahali hapo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ni kazi hiyo, na wengi huona heri wasimkaribie kabisa.

Ilikuwa Ijumaa. Mwanamke mmoja muuza mboga alikuwa amempasha Bi Zena kwamba nyuma ya shamba fulani kuna mbwa aliyezoea kubweka kutwa, na sasa habweki tena, anakoroma tu. Tukapanda tuktuk, tukavuka Makupa kutoka kisiwani. Kibarani wakati huo ilikuwa bado jaa la taka. Moshi ukatuingia machoni, dereva akaziba pua kwa kofia huku akiendesha kwa mkono mmoja, nami nikawa nasoma kila dua niliyofundishwa. Tulipoiacha lami, njia ikawa mchanga na mashimo, michongoma huku na huku, kila njia panda sawa na ile tuliyoipita. Tukapotea. Tukauliza. Tukapotea tena.

"Tukichelewa je?" nikamuuliza.

"Tusichelewe," akasema, basi.

Tulishushwa mbele ya lango la bati. Pembeni mwa ua palikuwa na upenyo, nikachungulia, na nilitamani nisingechungulia. Mbwa wa rangi ya udongo alikuwa amefungwa kwenye nguzo nyuma ya banda, pasipopita mtu. Shingoni hakuwa na ukanda, alikuwa na waya. Alifungwa waya ule akiwa mdogo, kisha yeye akakua na waya haukukua. Ulikuwa umezama ndani ya nyama, shingo imevimba juu yake na chini yake, na kila alipovuta pumzi ikatoka sauti ya msumeno butu. Nikalishika lango kwa mikono miwili, nikafungua mdomo nipige kelele: nyinyi watu gani, hamna imani!

Bi Zena alinifinya mkono mpaka machozi yakanitoka.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Ukitukana, hili lango halifunguki. Wewe utarudi mjini na hasira yako, roho yako imeridhika, na yeye atabaki hapa na waya wake. Umekuja kwa ajili ya nani?"

Nikaliachia lango. Akabisha, akaita hodi kwa sauti tamu, utadhani tumekwenda kuposa.

Aliyefungua alikuwa Bi Khadija, mke wa mwenye shamba, mtu wa hapa hapa mjini aliyehamia kule baada ya kuolewa. Akafurahi kuona wageni. Na salamu zile, mwanangu, salamu zile! Bi Zena akauliza hali, akauliza watoto, akauliza mguu wa Bi Khadija alipomwona akichechemea, akapewa habari za harusi ya shemeji mwanzo hadi mwisho, akaomba maji ya kunywa, akayanywa taratibu. Nami nausikia msumeno kule nyuma ya banda. Saa ile nilimchukia Bi Zena, wallahi. Nilidhani amesahau kilichotupeleka.

Hakusahau. Aliporudisha gilasi aliuliza vivi hivi, sauti ya mtu anayeulizia bei ya sukari: "Na yule mbwa wenu, nani humgusa?"

"Kumgusa?" Bi Khadija akashangaa. "Mimi humtilia chakula tu. Namsogezea sufuria kwa mti mrefu wa kuangulia mapapai, nisije nikanajisika. Mambo ya kufunga na kufungua ni ya mume wangu."

Mume wake, Mzee Athumani, ndio kwanza alikuwa anaingia kutoka msikitini na kanzu yake ya Ijumaa, nyeupe pe. "Mimi?" akasema. "Mimi na mbwa wapi na wapi? Hiyo kazi ya mlinzi."

"Mlinzi si alikwenda kwao bara kabla ya Ramadhani," Bi Khadija akasema, "na hajarudi?"

Wakatazamana.

Hapo ndipo nilipoelewa. Watu wale hawakumchukia mbwa. Chakula alipata kila siku. Mke alidhani mume, mume alidhani mlinzi, na mlinzi yuko kwao analima. Muda wote ule hakuna mkono wa binadamu uliofika kwenye shingo ile. Hata jina hawakuwa wamempa. Walimwita "we".

Mzee Athumani aliona haya, na haya zikageuka hasira. "Mbwa wangu, shamba langu," akafoka. "Nani aliyewaita nyinyi? Haya, tokeni!" Akalishika komeo la lango.

Nikasema basi, yamekwisha, tutatolewa nje na yule kiumbe atakufa tukiwa bado tunatafuta njia ya kurudi mjini. Ningekuwa nimeshampigia kelele zangu, lango lile lingefungwa papo hapo.

Bi Zena hakusogea. "Mzee Athumani," akasema polepole, "sikuja kukuhukumu. Hakuna aliyejua, na sasa sote tumejua. Kiumbe anakata roho pale. Vidole vyangu mimi havina nguvu, na huyu mtoto anatetemeka, mtazame. Nakuomba utusaidie."

"Na kanzu hii?"

"Kanzu hufuliwa, Mzee."

Mzee akaliachia komeo, nami nikampigia simu daktari wa mifugo aliyezoea kutusaidia. Alikuwa Likoni, foleni ya feri haisogei. "Msinisubiri," akasema. "Waya msiung'oe kwenye nyama, hilo niachieni mimi. Ukateni tu ulegee apate kupumua. Mshikeni kichwa vizuri asiwaume. Upesi!"

Upesi! Neno hilo ndilo lililonimaliza. Tukaenda nyuma ya banda. Mbwa alituona, akatoa meno, lakini nguvu za kusimama hana. Koleo likaniponyoka, nikaliokota, likaniponyoka tena. Nikikosea nitamkata mshipa. Nikichelewa atakufa mbele yangu. Asiposhikwa ataniuma. Nikamtazama Bi Zena, Bi Zena akamtazama Mzee Athumani.

Mzee Athumani akapandisha mikono ya kanzu. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi lile, kwenye mavi na mifupa, akakishika kichwa cha mbwa na kukilaza pajani pake. "Pole," akasema. "Pole, we. Pole." Mbwa hakumuuma. Alimramba mkono.

Nikauona mwisho wa waya pale uliposokotwa, chini ya sikio, umechomoza kidogo. Nikatia koleo nikabana. Haukukatika. Bi Khadija akaanza kulia. "Bana, mwanangu, bana," Bi Zena akanihimiza. Nikabana kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote, nikasikia tak, waya ukaachia. Mbwa akavuta pumzi moja ndefu, akaitoa, kisha kimya. Tulidhani amekufa. Sote tulidhani amekufa, na Mzee Athumani akafumba macho. Halafu mbwa akavuta nyingine, na nyingine, na ule msumeno ukapungua.

"Leteni maji," Mzee Athumani akasema bila kuinua uso. "Na msiyasogeze kwa mti. Nipeni hapa mkononi."

Baadaye tulipanga foleni bombani, sote, Bi Khadija akitumiminia maji na kutupimia udongo, akituambia tusidanganye, bado hazijatimia saba. Tukacheka, kicheko cha watu waliokuwa na hofu kubwa. Kanzu ya Mzee Athumani ilikuwa haitazamiki. Daktari alifika karibu na magharibi, akautoa waya wote, akashona, akatuambia hajui kama mbwa atapona. Siku zilizofuata sikula vizuri. Kila simu ya Bi Zena ilipolia nilikimbia nikijua ndiyo habari mbaya. Lakini alipona. Sauti tu haikurudi sawasawa. Akibweka hutoka upepo mtupu. Wakampa jina, wakamwita Pole.

Tuliporudi siku ile, kwenye tuktuk, nilikuwa bado nawalaumu wale watu. Bi Zena akaniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akaniambia: "Wangemgusa, wangejua. Hapana jengine."

Maneno hayo, mwanangu, yamenitia wasiwasi maisha yangu yote, na namshukuru kwa wasiwasi huo. Maana miaka ilipita, mamangu akazeeka, akawa wa kulala tu pale chumba cha juu. Tulikuwa ndugu wengi, alhamdulillahi, na kila mmoja alileta chake: huyu uji, huyu samaki wa kupaka, huyu dawa. Chakula kilijaa mpaka kikatupwa. Siku moja tumekaa hapa chini tunazungumza, nikasikia kwa mbali amekohoa. Nikawauliza: "Nani humgeuza mama kitandani?"

Tukatazamana.

Nilizipanda zile ngazi sijui vipi. Nikamfunua, nikamgeuza. Ngozi ya mgongo ilikuwa ndio kwanza inaanza kuwa nyekundu, haijapasuka. Nilimuwahi. Akanishika mkono akasema, "Leo mmenikumbuka." Na sisi kila siku tulikuwa tunampandishia sahani!

Kwa hivyo nisikilize vizuri kabla hujatoka. Ukifika kwenye lango la mtu, iweke hiyo simu yako mfukoni. Usimpige picha mwenye nyumba ukamwanika mtandaoni wakati hata hodi hujapiga. Utapata sifa kwa wenzako, na mbwa atahamishwa nyuma ya ukuta usiochungulika. Salimia, na usalimie kweli, hata kama roho inawaka. Najua itawaka. Yangu iliwaka. Unywe maji yao. Kisha usiulize kama wanampenda, maana watakwambia wanampenda, na huenda ni kweli. Usiulize kama anakula. Uliza nani humgusa, na usiridhike mpaka upewe jina la mtu, na mtu huyo awe yupo. Wakikwambia wanaogopa kunajisika, usiwacheke wala usibishane nao dini. Waambie maji yapo, udongo upo, na wewe utakuwa wa kwanza kuingiza mkono. Na swali hilo usiliachie kwenye mashamba ya watu. Liulize na nyumbani kwenu.

Nenda basi. Mwenyezi Mungu akufungulie njia na malango, akukinge na meno ya mbwa na ndimi za watu, akupe maneno laini na mkono usioogopa kuchafuka, akufikishe upesi pale ambapo kuchelewa ni msiba. Ukifika Jomvu unipigie, sitatulia mpaka nikusikie. Na ukirudi, kabla hujavua viatu, njoo hapa unishike mkono na mimi, mwanangu, maana siku hizi kila anayepita mlangoni huniuliza tu kama nimekula.